Siku nzima nikiisikiliza ardhi ya Wete

Saa 11:30 alfajiri. Nimetoka kuswali, nakwenda moja kwa moja shambani kabla upepo haujaanza. Geofoni zangu, yaani vihisi vya mtikisiko wa ardhi, zimefukiwa chini ya mikarafuu kwa mstari, nyaya zote zaishia kwenye ndoo yenye betri na kinasa data.

Saa 1:00. Watoto wanakwenda skuli. Gari ya Chake inapanda mlima, na mchoro kwenye skrini unanenepa kabla sijasikia mngurumo. Bibi jirani anasimama.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Watafuta maji?”

“La, naisikiliza ardhi inavyotikisika.”

“Kwani yatikisika?”

“Kila saa, bibi.”

Saa 3:00. Nakaa na kompyuta; hapa ndipo penye utafiti wangu wa uzamili. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani, yenye mikono ya kilomita 4, ilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya mvutano (mitetemo ya anga na wakati), yaliyotokana na mashimo meusi mawili (vitu vizito mno vya angani, hata mwanga hautoki) yaliyogongana na kuungana. Sasa Ulaya wanaandaa mtambo mwengine wa aina hiyo, Einstein Telescope, utakaochimbiwa mita 200 hadi 300 chini ya ardhi, wakitaka kusikia mawimbi ya polepole mpaka hezi 3, yaani mitetemo mitatu kwa sekunde. Mitambo hii hupima kwa mwanga wa leza unaorudishwa na vioo, na ardhi ikikisogeza kioo, kipimo huharibika. Mtikisiko wenyewe unazuilika: kioo unakining’iniza kwa pendula juu ya pendula. Lakini udongo unaposogea, uzito wake nao umesogea, na mvutano wake unakivuta kile kioo. Hakuna ukuta unaozuia mvutano! Dawa ni kuzungusha vihisi pande zote, ukokotoe kioo kimevutwa kiasi gani, kisha ukitoe kiasi hicho kwenye data. Kazi hii naipenda mno.

Saa 6:00. Naijaribu dawa hiyo hapa shambani: naificha data ya geofoni moja, naiachia programu iibashiri kwa kutumia zile nyengine. Mtikisiko wa gari unabashirika vizuri, maana ni wimbi moja linalopita kote. Upepo ndio mkaidi: kila mkarafuu unatikisa mizizi yake kivyake, na kihisi cha jirani hakina habari.

Adhuhuri, chakula, usingizi kidogo.

Saa 10:00. Nazungumza na msimamizi wangu kwa simu. Tunakubaliana kwamba mstari umeshatupa ulichoweza: hauwezi kutenganisha wimbi la kulia na la kushoto.

Saa 12:00 jioni. Nachora mpangilio mpya, vihisi vimetawanyika shamba zima, viwili mbali na miti. Kesho jembe.