Kapu la makombo

Jana nimelala saa nane usiku, nilikuwa namalizia Joothan, kitabu alichoandika Omprakash Valmiki wa India kuhusu maisha yake mwenyewe, na mpaka saa hizi mamake huyu bwana hajanitoka kichwani. Joothan ni Kihindi, kwetu ni makombo, yale mtu anayobakisha kwenye sahani. Familia yake walikuwa Wadalit, watu wanaowekwa chini kabisa ya matabaka yote kule India, wafagiaji, kijiji cha Barla huko Uttar Pradesh, na ukizaliwa humo ushakuwa najisi, uoge usioge, na mwanao hivohivo na mjukuu hivohivo.

Sasa kuna harusi kwa mzee mmoja wa tabaka la juu, mama kafanya kazi siku kadhaa, wageni washakula, naye anasubiri nje na wanawe wawili. Akaomba watoto wapewe na wao chakula kidogo. Yule mzee akamwonyesha kapu lililojaa sahani za majani zilizoliwa, eti kapu zima la makombo unabeba na bado unataka chakula, usisahau wewe ni nani. Mama akalimwaga lote palepale, akamwambia hiki kesho asubuhi walishe wageni wako, akachukua wanawe akaondoka na kwenye ule mlango hakurudi tena. Nimeirudia hiyo sehemu mara tatu jamani. Yaani mwanamke ambaye hajui kesho watoto watakula nini!

Na Valmiki kazaliwa 1950, mwaka uleule Katiba ya India ilipoanza kutumika, ibara ya 17 ikisema kumtenga mtu kama najisi ni marufuku. Aliyeongoza kamati ya kuiandika ni Ambedkar, naye Mdalit, ambaye utotoni akishikwa na kiu shuleni lazima tarishi amfungulie bomba, maana yeye haruhusiwi kuligusa, tarishi asipokuwepo anashinda na kiu, na 1927 akaja kuongoza maelfu ya watu pale Mahad wakanywe maji kwenye bwawa la umma, maji tu. Afu katiba ishapitishwa, Valmiki mtoto anaenda shule, mwalimu mkuu anampa ufagio afagie shule nzima wenzake wakiwa darasani. Siku ya tatu baba yake akapita akamwona, akamnyang'anya ule ufagio akautupa, akamfokea mwalimu kila mtu akisikia.

Kinachoniuma ni kwamba haya ni mambo ambayo familia nyingi wangeyazika, nani anataka watu wajue alikula makombo? Waandishi hawa Wadalit wameyaandika na majina ya vijiji vyao. Mwingine ni Baby Kamble, mwanamke Mdalit wa Maharashtra, aliandika maisha yake kwa kujificha miaka na miaka, mume asijue, maana nyumbani nako kulikuwa na kipigo chake.

Nilipofika wanaposimulia kumiminiwa maji kwa mbali ili chombo kisiguswe nikafunga kitabu. Nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo dada wa kazi alikuwa na kikombe chake, cha plastiki ya bluu, kimetundikwa msumarini nje ya jiko, na sisi watoto tulikatazwa kukinywea. Najua si sawa na tabaka, yule dada hakuzaliwa nacho kile kikombe wala wanawe hawatakirithi, ila sikuwahi hata siku moja kuuliza kwa nini kinakaa nje.

Leo asubuhi nimempigia mama, nikamuuliza yule dada yuko wapi. Kanyamaza kidogo, akasema alirudi kwao Singida, jina la baba yake halikumbuki. Kikombe anakikumbuka.