Elfu sita ya Kibirizi

Juzi jioni kitinda mimba wangu alinijia jikoni, simu ameishika kwa vidole viwili kama kitu kinachonuka.

"Mama, kuna hela imeingia. Elfu arobaini na tano. Huyu mtu simjui."

Nikamwambia asiguse kitu. Kaka yake, ambaye ana jibu la kila swali, akadakia kutoka sebuleni kwamba hao ni matapeli, sasa hivi itaingia meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo bora tuile sisi kabla hawajatula wao. Nikageuka kumtazama, akarudi kwenye mpira wake. Lakini mdogo alibaki amesimama, ananisubiri mimi, maana mimi ndiye ninayemwimbia kila siku kwamba cha mtu ni cha mtu hata kiwe sindano.

"Tunairudisha, si ndiyo?"

Nilikuwa nachambua dagaa. Dagaa wa kwetu, walioletwa na shemeji kwa treni, mfuko mzima umenukisha nyumba. Mkono ukabaki ndani ya ungo.

"Ngoja kwanza," nikasema.

Mtoto alishangaa. Hajawahi kunisikia nikisema ngoja kwenye jambo la namna hiyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2001. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa nimeokoka kwa miezi mitano. Nilikuwa nimeokoka vikali. Hereni nilizitupa chooni, redio niliihamishia chumba cha kaka, na siku mdai wa mama alipobisha hodi akauliza kama mama yupo, nilijibu ndiyo, yupo, amejificha nyuma ya banda la kuku. Mama alilipa deni lile siku ileile kwa hela ya unga. Mimi niliona nimeshinda jaribu. Tulilala na uji.

Mama alikuwa mwanikaji wa dagaa, Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Mliokulia huko hamhitaji maelezo, lakini kwa wengine: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Enzi zile zilikuwa karabai za mafuta ya taa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawainua. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanalala makwao, na sisi tunakula kwa kukopa. Kwa hiyo nyumbani kwetu kalenda ya ukutani ilikuwa pambo. Giza ndiyo ilikuwa mshahara. Alfajiri mama anawahi ufukweni, "mwakeye, mwakeye", anagombania beseni lake, anawatandaza dagaa, na kuanzia hapo kazi yake ni kuliomba jua. Likiwaka vizuri, jioni umemaliza. Ikinyesha umeumia.

Akishakausha, anampelekea tajiri. Nisimtaje, ana wajukuu wazuri tu siku hizi. Tajiri alinunua kwa kilo akapakia kwenda Dar. Mizani yake ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye uso wa duara kama saa, imefungwa kwenye boriti ya banda. Ukiitazama ikiwa tupu, mshale haukukaa kwenye sifuri. Ulikaa nyuma ya sifuri, kama upana wa kucha ya kidole gumba. Na ile kucha ilikuwa karibu kilo nzima kwa kila kiroba kinachopanda. Wote tuliiona. Siku moja mwanamke mmoja alithubutu kuuliza, tajiri akacheka, akasema: "Hiyo ni ya mchanga, mama."

Na mchanga ulikuwepo, nisiwadanganye. Wengi walianika chini, palepale mchangani, na mama yangu naye hakuwa malaika. Dagaa wa kula nyumbani aliwapepeta mpaka ungo unalia. Wa kumpelekea tajiri aliwapepeta kidogo, kwa heshima tu.

Mama hakuwa na mizani. Alikuwa na sado, lile kopo la rangi la kupimia, limeoshwa mpaka maandishi yamefutika. Kabla ya kufunga kiroba lazima apime kwa sado, anahesabu kwa midomo bila sauti. Nilidhani ni mazoea ya kizamani.

Siku yenyewe mama alikuwa na homa. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili, dagaa nusura waoze, siku ya tatu jua likatuhurumia. Akanituma mimi. Viroba viwili juu ya baiskeli ya jirani, nikateremka nayo Kibirizi.

Karani wa tajiri alikuwa kijana, labda ananizidi miaka sita. Kalamu nyuma ya sikio, shati lilelile la mistari. Aliniita "mwanafunzi". Akapima, akaandika kwenye daftari, akanihesabia hela kwa kidole alichokilowesha ulimini, akazifunga kwa mpira. "Msalimie mama. Mwambie apumzike."

Nikaondoka, nikapanda kuelekea mitaa ya Mwanga. Kwenye mwembe, pale akina mama wa ndizi walipokaa, nikasimama kuhesabu, maana mama alinifundisha hela huhesabiwa mara tatu. Nikahesabu mara nne. Ilikuwa imezidi elfu sita. Noti ya elfu tano na ya elfu moja.

Nataka niseme ukweli wa pale chini ya mwembe, kwa sababu kila nilipoisimulia habari hii miaka ya mwanzo niliupitia pembeni. Sikushawishika hata kidogo. Sikupigana na shetani wala na nani. Nilifurahi. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyefungua karatasi ya mtihani akakuta swali alilolisoma jana usiku. Nikageuza baiskeli.

Wakati ule mawingu yalikuwa yamerudi na banda limejaa. Wanawake kama kumi na wawili, wengine wamekalia viroba vyao, mmoja ananyonyesha. Tajiri mwenyewe alikuwepo, jambo ambalo halikuwa la kila siku, amekaa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango, kikombe kidogo cha kahawa mkononi. Karani alikuwa amenyanyua kiroba cha mtu kwenda kwenye ndoano.

Ningeweza kusubiri. Hilo ndilo linalonirudia usiku. Ningeweza kukaa kwenye foleni, au kumvuta pembeni, au hata kumwachia hela ndani ya daftari. Nilisimama katikati ya banda.

"Kaka, umekosea. Umenizidishia elfu sita."

Hakugeuka mara moja. Alitundika kile kiroba kwanza, akakishika kisibembee, mshale ukatulia. Kisha akanitazama. Mpaka leo ningekuwa fundi wa kuchora ningeuchora uso ule. Haukuwa uso wa mtu aliyegundua kosa. Macho yake yalienda kwa tajiri na kurudi kwangu, haraka, na kichwa kikatikisika kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka nzi ajue.

"Haijazidi, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda kahesabu tena nyumbani."

"Nimehesabu mara nne."

"Hesabu na mama."

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilisikia sauti ya majaribu. Nikapaza yangu. Nikasema mimi nimeokoka, siwezi kula hela isiyo yangu, nikaziweka zile noti mbili juu ya meza na kuzinyoosha kwa kiganja ili zionekane vizuri. Zilikuwa zimeloa jasho la mkono wangu. Ile ya elfu moja ilijikunja tena yenyewe, nikainyoosha tena.

Tajiri akaweka kikombe chini.

"Imezidi nini?"

Hakuna aliyejibu. Mvua ikaanza kugonga bati, tone moja moja. Tajiri akainuka, akaja mezani, akazitazama noti bila kuzigusa. Akamtazama karani. Halafu akavuta daftari, akalamba kidole, akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma. Wiki ile. Wiki iliyopita. Mwezi wa kumi na mbili. Kila ukurasa ulitoa sauti, au mimi ndivyo nilivyosikia. Yule aliyekuwa ananyonyesha akafunga kanga yake. Na nyuma yangu, mwanamke mmoja, sijui ni yupi, akasonya. Msonyo mrefu, wa kutoka tumboni.

Nilijua ni wivu wa watu wa dunia.

Tajiri alinipa ile elfu moja, akasema ya soda, akasema watoto kama mimi wameisha. Jumapili niliitoa sadaka, yote, kwenye bahasha niliyoandika jina langu kwa herufi kubwa.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi kwenye jamvi, homa imepungua, anachagua mchele. Nikamsimulia huku nimesimama. Aliendelea kuchagua. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulimrudishia mbele ya nani?"

Nikamwambia mbele ya tajiri na watu wote. Akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni, akatoa lingine.

Ya baadaye yalikwenda haraka. Jumapili nilitoa ushuhuda, vigelegele vikapigwa, mchungaji akanitaja kama mfano kwa vijana, mstari wangu ulikuwa Luka 16:10, ule wa mwaminifu katika lililo dogo. Jumatatu karani hakuwepo. Mahali pake alikaa mpwa wa tajiri, ambaye hakuwahi kumkosea mtu kwa kumzidishia. Wengine walisema karani alidaiwa hela nyingi akapanda boti usiku kwenda kusini, wengine wakasema amevuka Kongo. Na wanawake wa Kibirizi walinisalimia vizuri tu, ila walinisalimia kama mtu anavyomsalimia askari.

Mama hakuwahi kunigombeza kwa hilo. Giza lililofuata alinituma nimshikie kiroba wakati anapima, akahesabu kwa midomo, akafunga kamba, na bila kunitazama akasema, "Yule kijana alikuwa anazijua sado zangu." Basi. Alikufa 2013 na hakuongeza neno.

Ningependa habari iishie hapo, karani awe mtu mwema na mimi niwe Farisayo, ningekuwa nimeshazoea kuibeba hivyo. Lakini kwenye msiba wa mama, mmoja wa wale wanawake wa banda, sasa mzee, aliniambia kwa kicheko kwamba karani hakufanya bure. Alikuwa akizidisha, halafu jioni anapita kuchukua chake kidogo kwa kila mtu. Nikamuuliza, na kwa mama? Akafikiri. Akasema kwa mama yako sijui. Sikuweza kumuuliza tena, walikuwa wanagawa chakula.

Miaka kadhaa nyuma ya hapo nilikuwa nimepangiwa kufundisha kikundi cha wamama Luka 16. Nikafungua kwa kujiamini, mstari wa kumi naujua kama jina langu. Safari hii nilianzia mstari wa kwanza. Mnaijua habari yenyewe, ile ya wakili anayeitwa dhalimu, aliyewaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja akawapunguzia hati: mafuta mia yakawa hamsini, ngano mia ikawa themanini. Na bwana akamsifu. Ukurasa uleule. Nilikuwa nimesimama madhabahuni Kigoma na mstari wa kumi mkononi, na mistari tisa ya juu yake sijawahi kuisoma. Kipindi kile cha wamama nilifundisha vibaya sana, nilisema tu hii ni ngumu, tukaimba.

Kwa sababu ni ngumu kweli. Hela haikuwa yangu, hilo sijaacha kuliamini. Kama mtu angeniuliza leo, ningesema rudisha. Lakini ilikuwa ya nani? Ya tajiri, ambaye kucha yake ya gumba ilikula kilo za wanawake kwa miaka? Ya mama, aliyepepeta kwa heshima tu? Na Mithali inayosema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, mbona mimi niliyekuwa na ujasiri wa kusimama katikati ya banda sikusimama chini ya ule mshale nikaunyooshea kidole? Nilikuwa nimeuona. Kila mtu alikuwa ameuona. Nilihesabu noti mara nne na mshale sikuuhesabu hata mara moja.

Watoto hawawezi kusubiri yote hayo. Yule mdogo aliketi kwenye kigoda akanisaidia kuchambua, simu ameiweka juu ya friji ili isimshawishi, ndivyo alivyosema. Nikamwambia tusiirudishe wala tusiile, tungoje mwenyewe apige, kisha tupige huduma kwa wateja ili wao wairudishe kwa njia yao. Kaka yake akasema kutoka sebuleni kwamba hatapiga.

Alipiga saa tatu kasoro. Mtoto akaiwahi simu kabla yangu, akasema, "Shikamoo, ndiyo, ipo," akaingia nayo chumbani akafunga mlango.