Nilivyompata fundi wa kumwachia matairi ya Subaru yangu

Subaru Impreza WRX STI yangu inavaa rimu za inchi 18 na matairi ya 245/40. Ubavu wa tairi hilo haufiki hata sentimita 10, kwa hiyo ukiingia shimo, rimu inaumia palepale.

Niliingia shimo kwenye Barabara ya Morogoro, tairi la mbele likapasuka ubavuni. Nikasimama gereji ya kwanza niliyoiona. Walilibandua kwa mtaimbo, ukingo wa rimu ukachubuka urefu wa kidole. Wakaniuzia tairi moja jipya, nati wakazikaza kwa mashine ya upepo bila kupima. Tangu siku hiyo, nikifika kilomita 90 kwa saa usukani unatetemeka. Nilipotaka kulifungua gurudumu mwenyewe nyumbani, stadi moja, ile bolti inayoshika nati ya gurudumu, ikakatika.

Kilichoniuma zaidi ni lile tairi moja. Subaru hii inavuta kwa magurudumu yote manne, na mizingo ya matairi haitakiwi kupishana zaidi ya milimita 6 hivi. Moja likiwa kubwa kuliko wenzake, difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haipumziki hata barabara ikiwa imenyooka, inapata moto mpaka inakufa. Difu ni hela nyingi, jamani, na hakuna aliyenitajia.

Basi nikaamua gari langu haliguswi tena kabla sijaona la mwenzangu likiguswa. Jumamosi mbili niliacha gari nyumbani, nikapanda daladala hadi Ilala, nikakaa kwenye benchi za gereji na soda yangu, natazama tu. Gereji mbili za kwanza niliondoka mapema.

Ya tatu nilikaa mpaka adhuhuri. Kijana mmoja alikuwa anavisha tairi kwenye rimu ya BMW. Kichwa cha mashine alikifunika plastiki, ukingo wa tairi akaupaka sabuni kwa brashi. Kabla ya kulikandamiza akaligeuza taratibu, akitafuta mshale wa mzunguko. Akasita. Alikuwa amelielekeza upande wa kinyume, akalitoa akaanza upya, na mwenye gari wala hakuwepo. Moyo wangu ukatulia hapo.

Nikamfuata, nikamweleza habari yangu, nikamwambia nina hela ya matairi mawili.

“Kaka, mawili nitakuuzia, lakini difu utakuja kuililia. Subiri upate ya manne.”

Nilisubiri miezi miwili, gari nikiliendesha kwa nadra. Niliporudi, alichuchumaa na tochi akanionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye DOT, ile namba ya kiwandani iliyochapwa ubavuni mwa kila tairi. 1024, yaani wiki ya 10 ya mwaka 2024. Yote manne yalilingana. Akabadilisha stadi, akabalansi, akafanya alaimenti, yaani kuyanyoosha magurudumu, na kunipa karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kama gereji haina karatasi hiyo, mimi siwapi hela ya alaimenti.

Nati alizianza kwa mkono, akiruka moja moja kama anachora nyota, kisha gari likiwa chini akazimalizia kwa spana ya kupimia nguvu, ile inayolia nati ikifika kipimo.

“Ukishatembea kilomita 80 urudi nizipime tena.”

Nilirudi. Hakunitoza kitu. Alizunguka gari zima, na spana ikalia “tak” kwenye nati zote 20.