Maji Ndani ya Dizeli: Boti ya Mtera na Pipa Lililosimamishwa Mvuani

Mwezi Machi mwaka juzi nilipigiwa simu kutoka Mtera na mzee mmoja mwenye boti ya kubeba abiria na samaki. Aliniambia kwamba injini yake ilikuwa imezimika mara tatu katika wiki moja, na kwamba mara ya mwisho ilizimikia katikati ya bwawa, upepo wa alasiri ukiwa umeshaanza, na ndani yake wakiwamo akina mama wawili na watoto wao. Karakana yangu iko Kizota, hapa Dodoma mjini, na kazi zangu za kila siku ni mashine za kusaga, jenereta na pampu za visima. Hata hivyo, injini ya dizeli ni ileile popote inapofungwa, na dalili alizonieleza nilikuwa nimeshazikuta katika jenereta zaidi ya moja. Nikapakia vifaa na kushika barabara ya Iringa siku hiyohiyo.

Nilimkuta ufukweni amekalia dumu. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaingia moja kwa moja katika shida yake: "Ni kituo cha mafuta. Wananiuzia maji." Kijana wake wa injini alikuwa na maelezo tofauti. Alikuwa amefungua filta akakuta uteute mweusi kama kamasi, akaamini kwamba ni mwani wa bwawani ulioingia tangini. Maelezo haya mawili nimeyasikia mara nyingi, na safari hii yote mawili yalikuwa yamewapotosha.

Swali langu la kwanza lilikuwa ni wakati gani hasa injini huzimika. Kijana alijibu kwamba boti ikiwa imefungwa gatini injini hunguruma saa nzima bila kasoro, bali ikikutana na mawimbi huanza kupandisha na kushusha mwendo, hupoteza nguvu, kisha hufa. Jibu hilo lilinipeleka kwenye sakafu ya tangi. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.84 na lita ya maji kilo 1, kwa hiyo maji yoyote yanayoingia huzama na kukaa chini. Tangi lile la chuma lilikuwa la lita 200, na bomba lake la kufyonzea lilikomea vidole viwili juu ya sakafu. Boti ikitulia, injini hunywa dizeli iliyo juu ya maji. Wimbi likija, vyote vilivyolala chini huinuka kwa pamoja na kufyonzwa, yaani injini hufa wakati uleule ambapo watu wanaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Niliteremsha mpira mwembamba hadi sakafuni, nikavuta kwa pampu ya mkono na kujaza chupa ya kioo, tukaiacha itulie. Chini yalikaa maji yenye rangi ya chai ya rangi, juu ikakaa dizeli iliyofifia kidogo, na katikati, pale viwili hivyo vinapokutana, ukatanda utando mweusi uliokatika vipandevipande chupa ilipotikiswa. Tuliendelea kuvuta hadi tukatoa lita nne za maji yenye harufu ya yai viza.

Utando huo si mwani, kwa sababu mwani huhitaji mwanga na ndani ya tangi la chuma ni giza tupu. Ni mchanganyiko wa bakteria, hamira na kuvu, na miongoni mwa kuvu hao anayejulikana sana kwa kuharibu mafuta ni Hormoconis resinae. Viumbe hawa huishi ndani ya maji na kula mafuta yaliyo juu yao, ndiyo maana hujazana kwenye mpaka wa viwili hivyo; maji machache mno yanawatosha, na joto la nyuzi 25 hadi 35 ndilo linalowastawisha vizuri, joto ambalo Mtera hulipata kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hutoa asidi inayokula chuma. Harufu ya yai viza hutokana na bakteria wanaofanya kazi pasipo na hewa na kutoa gesi ya salfa, na hao ni hatari zaidi kwa tangi, kwa kuwa huchimba vishimo vidogo kwenye sakafu ambavyo mwenye boti haoni mpaka mafuta yaanze kuvuja.

Maji yale yaliingiaje? Mafundi wengi hujibu haraka kwamba ni jasho la tangi: mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hewa yenye unyevu huvutwa ndani na kugeuka matone. Jambo hilo ni kweli, lakini nakuomba tulipigie hesabu. Tangi la lita 200 lililo nusu lina lita 100 za hewa. Joto likishuka kutoka nyuzi 28 hadi 13, hewa hunywea kwa asilimia 5 hivi, kwa hiyo lita 5 tu huingia kutoka nje kwa usiku mmoja. Hata hewa hiyo ingekuwa imeshiba unyevu, ingebeba maji yasiyozidi gramu 0.15, na mwaka mzima usingefikisha hata robo ya kikombe. Kiasi hicho kinaweza kuwalisha vijidudu, lakini hakielezi lita nne.

Nikamwomba mzee anionyeshe anakohifadhi mafuta. Nyuma ya kibanda yalisimama mapipa mawili wazi mvuani, vizibo juu, na juu ya kila pipa maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yametuama ndani ya ukingo. Hapo sikuhitaji kuuliza tena. Jua huchoma pipa, hewa iliyo ndani hutanuka na kupenya pembeni mwa kizibo. Mvua ikinyesha ghafla pipa hupoa, hewa hunywea, na pipa hufyonza dimbwi lililo juu yake, hata kama kizibo kimekazwa. Nilipaka kijiti dawa ile ya kupimia maji inayobadilika rangi, nikakiteremsha, kikarudi kimegeuka rangi kwa zaidi ya kidole kimoja. Mzee alikitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba amewasingizia watu wa kituo. Nilimheshimu kwa neno lile.

Kusafisha kulituchukua siku mbili. Tuliondoa mafuta yote, tukafungua kifuniko cha tangi, tukasugua kuta na sakafu kwa matambara, tukabadilisha mabomba ya mpira na filta zote. Uchafu tuliuweka katika dumu nikaurudisha mjini, kwa maana bwawa lile ni riziki ya wavuvi. Dawa ya kuua vijidudu ilifuata mwishoni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na mikono ikiwa ndani ya glovu. Ningeimwaga mwanzoni ingewaua, lakini mizoga yao ingebaki na kuziba filta upya, na maji yangebaki palepale. Spiriti, ambayo wengine huimwaga tangini ili kuondoa maji, sikubali kabisa kuitumia kwa maji mengi kama yale. Huyachanganya maji na mafuta hadi yapite kwenye filta, kisha pampu inayosukuma mafuta kwenye nozeli, ambayo hutegemea dizeli yenyewe kuilainisha, huanza kujila, na tone linalofika kwenye ncha ya nozeli, yaani kifaa kinachonyunyiza mafuta ndani ya injini, ikiwa na moto hugeuka mvuke na kuweza kuipasua.

Kabla ya kuondoka tuliyalaza mapipa chini ya paa, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja ili mafuta ya ndani yavifunike, na nikafunga chujio la kutenganisha maji lenye bakuli la kioo. Kijana sasa hulifungua kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Nilipopita Mtera mwezi Mei mwaka jana, mvua zikiwa zimeshakatika, alinionyesha bakuli hilo na daftari alimoandika alichokitoa kila siku tangu masika. Kurasa nyingi zilikuwa na neno moja tu, "hakuna", na mahali alipoandika "kijiko kimoja" alikuwa ameongeza pembeni kwamba siku hiyo walinunua pipa jipya.