Nesi mpya anajua kazi, tatizo ni tunavyompokea

Huu mwaka wa 11 niko wodini na kila wakija manesi wapya nasikia maneno yaleyale kwenye chumba cha mapumziko, hawa wa siku hizi hawajaiva, chuo wanafundishwa nini sijui. Mi naona tunawaonea, na leo wacha niseme kwanini.

Chukua nesi aliyemaliza chuo juzi. Presha anapima vizuri, kanyula (kale kamrija ka kuingizia dripu mshipani) asipopata mshipa wa kwanza wa pili anapata, muulize dripu ya lita moja iishe kwa masaa 8 na mrija wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita, atakwambia matone 42 kwa dakika kabla hata hujatoa simu ukapige hesabu. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi, njia na muda, vyote viko kichwani. Sasa chuo alikuwa anapewa mgonjwa mmoja au wawili asubuhi nzima na mwalimu kasimama pembeni, huku kwetu wiki ya kwanza tu anakabidhiwa wagonjwa 12, dripu ya huyu imeisha, yule anatapika, ndugu wanataka majibu ya vipimo, simu inalia, na hakuna mtihani hata mmoja uliowahi kumuuliza katika hao wote unaanza na nani.

Mwezi uliopita nilikuwa nait na binti mmoja wa wiki ya pili. Kama saa nane usiku hivi akanifuata, kasimama kwa mbali na karatasi mkononi, "sista samahani, yule mzee wa dirishani presha yake iko sawa, joto liko sawa, ila mi naona hayuko kama alivyokuwa jioni". Mzee alikuwa kafanyiwa upasuaji juzi yake. Nikamuuliza anapumua mara ngapi, akaangalia karatasi, 20. Umehesabu? Kimya.

Tukaenda wote, nikamwambia weka mkono wako kifuani kwa mzee taratibu usimshtue, angalia saa ya ukutani, dakika nzima usiikatishe. Ikatoka 30. Mtu mzima aliyetulia anatakiwa awe kati ya 12 na 20, na kupumua ndio mara nyingi hutangulia kubadilika wakati presha bado inakudanganya kwamba kila kitu shwari. Nikamuuliza mbona uliandika 20, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba kwenye mafaili yote aliyoyakuta imeandikwa 20, zamu zote, wagonjwa wote, akajua ndio inavyoandikwaga.

Hilo neno liliniuma sana. Chuo walimfundisha kuhesabu, kutohesabu amekuja kukutana nako kwetu, ndani ya wiki mbili tu.

Ikabaki kumpigia daktari wa zamu, hapo ndo akaanza kutetemeka, maana siku chache nyuma alipiga akajibiwa "umeniamsha kwa hilo tu?" (jamani madaktari, nesi mpya ukimjibu hivyo mara moja, siku ya pili hapigi, na mgonjwa ndo analipia.) Nikampa karatasi nikamwambia andika vitu vinne, nini kinatokea sasa hivi, mgonjwa ana historia gani, wewe umeona nini, na unataka daktari afanye nini. Huo mtindo asili yake ni nyambizi za jeshi la majini la Marekani, hospitali wakauchukua, na unasaidia kwa sababu mwenye hofu anakuwa na kitu cha kusoma. Akapiga mwenyewe, akasoma, mwisho akasema "naomba uje umuone sasa hivi". Daktari akaja. Mzee akawekewa oksijeni, damu ikachukuliwa, antibayotiki zikaanza kabla hakujapambazuka.

Na angalia, aliyegundua ni yeye. Mi nilikuwa nimepita pale dirishani saa sita na sikuona kitu.

Haya mambo sio mageni. Mwaka 1974 Marlene Kramer, nesi na mtafiti wa Marekani, aliandika kuhusu mshtuko anaoupata nesi akitoka chuo na kukutana na kazi yenyewe, na mwaka 1984 nesi mwenzake Patricia Benner akaeleza hatua tano ambazo nesi anapita, ile ya katikati tu ya kuweza kujisimamia mtu anaifikia baada ya kama miaka miwili mitatu akiwa kwenye kazi ileile. Sasa sisi tunamtaka awe ameiva mwezi wa pili, tena peke yake, wakati hajapewa mtu wa kuambatana naye wala hajapunguziwa wagonjwa hata wiki za mwanzo.

Ratiba mpya imebandikwa jana. Yule binti kapangiwa nait nne mfululizo, yeye na msaidizi mmoja basi. Nimemfuata mkuu wa wodi nikaomba anihamishie nait nikae naye, kasema ataangalia, kesho nikiingia zamu naanzia ofisini kwake tena.