Kifungu cha Tisa: Nilivyoilinda Haki ya Kuchapisha katika Ushirikiano na Vyuo vya Nje

Mwishoni mwa Oktoba 2018 mwanasheria wa chuo chetu aliniita ofisini kwake, akanisogezea rasimu ya mkataba yenye kurasa kumi na saba, akaweka kidole kwenye kifungu cha tisa. Wakati huo nilikuwa mratibu wa utafiti wa lishe ya watoto katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, utafiti tuliokuwa tukiufanya pamoja na chuo kikuu kimoja cha Ulaya, na awamu ya pili ilitakiwa kuanza Januari. Katika mkataba wa kwanza kifungu hicho kilikuwa na sentensi moja tu iliyoziruhusu pande zote mbili kuchapisha matokeo. Sasa kilisema kwamba hakuna takwimu itakayotolewa hadharani pasipo ridhaa ya maandishi ya mamlaka husika za nchi ambamo utafiti unafanyika.

"Hii hawakuiandika watu wetu, Daktari," mwanasheria aliniambia. "Imetoka kwao."

Nilikuwa nimejiandaa kwa shinikizo la nyumbani. Sikuwa nimefikiria kwamba mshirika wa mbali angetufunga mikono kabla hata ya mtu yeyote hapa kutuuliza neno.

Chanzo cha hofu yao nilikijua. Septemba ya mwaka huo Bunge letu la Tanzania lilikuwa limepitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, yaliyokataza kusambaza taarifa za kitakwimu zenye kusudi la kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi, na adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwanzoni mwa Oktoba Benki ya Dunia ilieleza hadharani wasiwasi wake juu ya marekebisho hayo. Kabla ya hapo, mwezi Julai, shirika la Twaweza lilikuwa limeandikiwa barua na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, likitakiwa kujieleza kuhusu kibali baada ya kutoa matokeo ya maoni ya wananchi. Habari hizo zilisomwa Ulaya kama zilivyosomwa Dodoma, na ofisi ya mshirika wetu inayosimamia usalama wa miradi ikaona njia nyepesi ni kuiachia serikali neno la mwisho.

Kwa mradi wetu hatari ilikuwa ya kweli. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Vijiji vyetu tulivichagua kwa makusudi kwa sababu ni vya wavuvi wenye mashamba madogo na mapato ya msimu, kwa hiyo kiwango tulichokipata kilikuwa juu ya hicho cha taifa. Mtu anayejua namna sampuli inavyochaguliwa haoni mgongano wowote hapo, kwani wastani wa nchi nzima hauwezi kuukana ukweli wa vijiji vichache, wala vijiji vichache haviwezi kuukana wastani. Lakini anayesoma kichwa cha habari peke yake huona namba mbili zinazogombana, na chini ya sheria ile mtafiti angeweza kutakiwa aeleze kusudi lake mbele ya hakimu.

Hata hivyo, nilivyozidi kuisoma rasimu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tiba yao ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Maneno "mamlaka husika" hayakufafanuliwa popote, kwa hiyo yangeweza kumaanisha wizara, halmashauri, au hata ofisa mmoja wa wilaya. Muda wa kujibu haukutajwa. Aliyepewa uwezo wa kuridhia bila kuwekewa muda hahitaji hata kukataa. Barua inaweza kukaa mezani kwake mpaka mwanafunzi amalize miaka yake ya shahada bila kuwasilisha tasnifu. Nasi tulikuwa na mwanafunzi wa uzamivu, kijana aliyekuwa amepima urefu na uzito wa mamia ya watoto kwa mikono yake, na tasnifu yake yote ilikuwa imesimama juu ya namba hizo. Tena sheria yenyewe, pamoja na ukali wake, haikuwa inadai kila utafiti wa chuo uombewe ridhaa kabla ya kuchapishwa. Mkataba ulikuwa umekwenda mbali kuliko sheria.

Usiku ule nilirudia kusoma Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, lililopitishwa tarehe 19 Aprili 1990 na wawakilishi wa wanataaluma wa taasisi zetu za elimu ya juu. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na serikali, na Novemba mwaka huohuo wanataaluma wa Afrika walikutana Kampala na kutoa azimio lao. Walioyaandika maazimio hayo waliuweka uhuru na wajibu katika hati moja, na hapo ndipo nilipopata hoja yangu. Akina mama waliotuachia watoto wao wapimwe walikuwa wanatudai majibu, na kifungu cha tisa kingetufanya tushindwe kulipa deni hilo. Wenzetu wa Kenya wana Ibara ya 33 ya Katiba yao ya mwaka 2010, inayoutaja uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi kwa jina. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa maoni kwa jumla. Ndiyo maana kwetu maneno ya mkataba yana uzito mkubwa zaidi: mara nyingi hayo ndiyo ulinzi wa karibu alionao mtafiti.

Asubuhi nilimpigia simu mwalimu wangu wa zamani, aliyenisimamia shahada ya pili.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkia jambo gani?"

Nilimweleza lote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisipeleke malalamiko kwa mtu yeyote, nipeleke kifungu kilichokwisha kuandikwa. Alisema mkubwa aliyeletewa malalamiko hutafuta namna ya kuyatuliza, lakini aliyeletewa maandishi hulazimika kusema ni neno gani hasa analolikataa. Ushauri huo ndio uliobeba kazi yote iliyofuata.

Mimi na mwanasheria tulikaa jioni tatu mfululizo. Neno la kwanza tulilolibadilisha lilikuwa "ridhaa", tukaweka "taarifa". Upande unaotaka kuchapisha utaupa upande wa pili nakala ya andiko siku thelathini kabla, na upande wa pili unaweza kutoa maoni kuhusu mambo mawili tu, yaani makosa ya kitaalamu na usiri wa watu waliohojiwa. Siku hizo zikipita kimya, ukimya huo hautahesabiwa kuwa kukataa. Tasnifu za wanafunzi hazitazuiwa kwa sababu yoyote isipokuwa usiri wa wahojiwa. Nakala kamili ya data itakaa kwenye seva ya chuo chetu tangu siku ya kwanza. Na sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilisema kwamba masharti haya yanazifunga pande zote mbili sawasawa, pamoja na mfadhili yeyote atakayeingia baadaye. Mwanasheria aliona sentensi hiyo ni ya ziada, kwa kuwa hofu ya wakati ule ilitoka upande mmoja tu. Niliisisitiza kwa sababu sikutaka uhuru wa mwalimu wa Kitanzania uandikwe kwenye mkataba kama fadhila ya mzungu dhidi ya serikali yake.

Mshirika hakukubali mara moja, na kusema haki hakuwa na nia mbaya. Katika mkutano wetu wa kwanza kwa video kiongozi wa mradi wa upande wao aliniuliza nani atasimama na wasaidizi wa utafiti endapo watakamatwa, yeye akiwa salama kwake. Sikuwa na jibu la haraka, nami sikutaka kuwajibia watu wengine. Niliwaita wasaidizi wetu wanne, nikawasomea sheria na vifungu vyote viwili, cha zamani na kipya. Walizungumza peke yao kwa saa moja, nami nikiwa nimetoka nje. Waliporudi walisema wako tayari kwa masharti matatu: majina ya vijiji yasichapishwe, majina yao yawekwe kwenye makala kwa hiari ya kila mmoja, na hakuna msaidizi atakayetumwa kuzungumza na waandishi wa habari. Masharti hayo tuliyaingiza kwenye mkataba yalivyo. Yalimgusa mshirika kuliko hoja zangu zote, na baada ya wiki saba alitia saini. Tulianza kazi Machi badala ya Januari.

Jambo jingine lililotusaidia lilikuwa kuwaendea watakwimu mapema. Kabla ya kwenda uwandani nilimwomba mtakwimu mmoja wa serikali aupitie mpango wetu wa sampuli. Aliusoma kwa makini, akarekebisha hesabu yetu ya idadi ya kaya, na akashauri kila ripoti ianze na aya inayosema wazi kwamba vijiji hivi havikuchaguliwa kuuwakilisha mkoa wala taifa. Aya hiyo tunaitumia hadi leo. Juni 2019 sheria ilirekebishwa tena, kutoa takwimu kinyume na zile rasmi kukaacha kuwa kosa la jinai, nasi makala ya kwanza ilitoka bila tatizo.

Niliamini basi kwamba kifungu cha tisa kimekwisha kazi yake.

Mwaka 2022 chuo kimoja cha Marekani kiliingia kwenye mradi kwa ruzuku ndogo, yaani sehemu ya ruzuku ya serikali ya Marekani iliyopitia kwake kuja kwetu. Mwanzoni mwa 2025 malipo yalisimama. Machi mwaka huo serikali ya Marekani ilisambaza hojaji yenye maswali 36 kwa taasisi za nchi nyingine zinazopokea fedha zake, vikiwemo vyuo vikuu vya Australia na Ulaya, na hojaji ya namna hiyo ilitufikia sisi kupitia mshirika huyo wa Marekani. Ilitaka tueleze kama tumewahi kupokea fedha kutoka China, na tuthibitishe kwamba mradi wetu hauhusiani na mambo kadhaa, yakiwemo usawa na mazingira.

Swali la China kwa chuo cha Afrika Mashariki halijibiki kwa ndiyo au hapana. Taasisi ya Confucius, yaani kituo cha lugha na utamaduni kinachofadhiliwa na China, ipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, ipo Dar es Salaam tangu 2013, na maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa 2018 ilijengwa kwa msaada wa China. Baadhi ya walimu wa idara yangu wamesoma uzamivu huko. Niliwaeleza wenzangu kwamba swali hilo lina historia: katika vyuo vya Marekani kwenyewe taasisi za Confucius zilikuwa takriban 100, zikabaki chini ya tano katika miaka michache baada ya Bunge lao kuvibana vyuo kwa njia ya fedha. Sisemi kwamba mshirika wa China hapaswi kuulizwa maswali. Anayelipa mshahara wa mwalimu na kupanga mada anazoweza kuzungumza lazima aulizwe, atoke nchi yoyote. Lakini swali hilo ni la chuo chenyewe, kikiwa na mkataba husika mezani, na lisiulizwe kwa ajili ya kutugeuza mashahidi katika ugomvi wa mataifa mawili.

Tulijibu kwa barua moja iliyotiwa saini na uongozi wa chuo, ili asibaki mtu mmoja akibeba lawama. Tuliorodhesha vyanzo vyote vya fedha za mradi, tukaambatisha andiko lililopitishwa na kamati ya maadili. Tamko kuhusu mada tulikataa kulitia saini, kwa sababu lishe ya mtoto haielezeki bila kumtaja anayelima, anayepika na anayeshika fedha ya samaki.

Malipo hayakurudi. Mei mosi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utoaji wa ruzuku ndogo mpya kwa taasisi za nje, na wasaidizi wetu wawili walipoteza mikataba yao. Mmoja wao alikuwa nasi tangu ile saa moja ya mwaka 2018. Hilo linaniuma, na hakuna kifungu kilichoweza kulizuia.

Lakini mshirika huyo wa Marekani alipotuomba tuiweke kando makala iliyokuwa tayari mpaka hali itulie, nilimtumia kifungu cha tisa pamoja na nakala ya makala, na siku thelathini zikaanza kuhesabiwa. Siku ya ishirini na sita alileta maoni juu ya majedwali mawili, yote ya kitaalamu na yote ya haki. Tuliyarekebisha na kuchapisha. Data yote ilikuwa kwetu, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa kufungiwa.

Mwezi uliopita mwanasheria alinipigia simu. Ofisi yake inaandaa mkataba wa mfano kwa chuo kizima, na mshirika mpya anataka apewe siku tisini za kupitia andiko. Nilimwambia abaki kwenye thelathini, na asiiondoe ile sentensi ya ukimya.