Kabla ya kushika blowa, pima hewa inayotoka

Feni ya laptopu ikivuma kama mashine ya kusaga na kibodi ikichoma vidole, wengi hukimbilia blowa. Subiri. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa, kisha fungua programu ya kusoma joto, kama HWiNFO au Core Temp.

Hewa ikitoka kwa nguvu na ni ya moto, upozaji uko sawa. Kuna programu inayoitesa prosesa (CPU). Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, utaiona juu ya orodha ukipanga kwa matumizi ya CPU. Bisibisi haihitajiki.

Feni inavuma lakini hewa ni haba, na joto linapanda polepole kwa dakika kadhaa? Hilo ni vumbi, au mashine umeiweka juu ya godoro.

Hewa ikiwa ya baridi huku prosesa inasoma nyuzi 95, basi joto halifiki kwenye mapezi, vile vipande vyembamba vya chuma ambavyo feni huvipulizia. Pesti, ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, imekauka, au hitisinki yenyewe, chuma kinachobeba joto kutoka kwenye prosesa, haijakaa vizuri. Dalili yake ni kuruka: kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu tu baada ya kupewa kazi, na kubaki hukohuko. Prosesa isiyo na tatizo nayo huruka inapoongeza kasi, ila hushuka. Nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 hivi. Zikikifikia hujipunguzia kasi zenyewe, ndiyo maana mashine ya moto huwa pia nzito.

Vumbi sugu hukaa kati ya feni na mapezi, limeshikana kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha kwenye feni, na baada ya wiki limerudi palepale. Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kwenye bodi, ndipo uitoe feni na kulibandua kwa brashi. Ukipuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Yakizungushwa kasi kupita kiasi bushi inayoshika mhimili wa feni huharibika. Ukikuta betri imevimba, achana na vumbi: usiibonyeze, usiitoboe, itafutie nyingine.

Pesti ndiyo inayoharibiwa zaidi na pupa. Skrubu za hitisinki mara nyingi zina namba. Legeza kuanzia kubwa kwenda ndogo, kidogo kidogo, na kufunga ni kinyume chake. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, hitisinki inalala mshazari na kichipu kinaweza kumeguka kona. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti mpya ni punje ya mchele katikati. Kichipu kirefu, mstari mwembamba.

Vile vibandiko laini juu ya chipu nyingine usivibadilishe kwa pesti, maana vinaziba nafasi ambayo pesti haiwezi kuijaza. Kibandiko cha milimita 1 mahali pa cha 0.5 hunyanyua hitisinki, na prosesa inachemka kuliko mwanzo.

Kama huna pesa ya fundi leo, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100% hadi 99%. Kwenye mashine nyingi hilo huzima turbo, yaani prosesa kujiongezea kasi. Kasi inapungua kidogo, joto linashuka sana. Stendi yenye feni itafuata baadaye. Kwa mashine iliyoziba ndani, haisaidii sana.